Uzi wa Ilinka

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na ofisi nzima ikaisingizia mashine. Lozan Petkanov aliandika kwenye cheti cha shehena kwamba tindikali ya salfa ina nguvu ya asilimia tisini na nane nukta tano. Karatasi ilipotoka kwenye printa ilisema tisini na saba nukta moja. Akasahihisha, akachapa upya. Printa ikakohoa, ikatoa tisini na saba nukta moja. Ofisini kukanuka peremende za mnanaa.

Lozan alikuwa mkuu wa nyaraka kwenye ghala la tindikali katika bandari yetu ndogo ya Bahari Nyeusi. Tindikali hushuka kwa treni kutoka viwanda vya shaba huko milimani, hulala siku chache kwenye matangi, kisha hupanda meli kwenda Moroko kuyeyusha mawe ya mbolea. Kazi ya Lozan ilikuwa kuhakikisha kwamba, hata bahari ikikauka, karatasi ziko kamili. Alikuwa na mihuri saba na aliipenda yote isipokuwa ule wa "Imeonekana", maana huo ulimdai aende akaone kitu.

Hakumwambia mtu kwamba harufu ile anaijua. Peremende za mnanaa zilikuwa za Ilinka, mpimaji wa maabara, aliyefariki mwanzoni mwa Mei. Tangazo la kifo chake, na picha yake, bado lilikuwa limebandikwa mlangoni, limepauka kwa jua. Ilinka hakuwahi kusaini cheti cha uongo. Akiombwa aongeze nukta mbili tatu ili mteja asinung'unike, alikuwa akiendelea kukoroga sampuli yake kwa kijiti cha kioo, kling, kling, na kujibu kwamba tindikali haisomi mikataba.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Lozan hakujiambia hata mwenyewe.

Mwezi Machi, ukuta wa matofali unaozunguka Tangi Namba Nne, ule wa kuizuia tindikali ikimwagika, ulikuwa ukijengwa unapasuka. Mara tatu. Fundi Gencho, mwashi aliyetoka vijiji vya juu, akamvuta Lozan pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ukuta unataka kivuli. Babu zake walijenga madaraja hivyo: unapima kivuli cha mtu kwa uzi bila mwenyewe kujua, uzi unaujengea ndani, na ukuta unasimama. Mwenye kivuli hapitishi siku arobaini. Akishakufa anageuka talasami, jini wa jengo, na kulilinda miaka yote.

Lozan alicheka, kama anavyopaswa kucheka mtu mwenye shahada mbili. Lakini meli ilikuwa njiani, na asubuhi ile ile Ilinka alikuwa amemkatalia cheti mbele ya mkurugenzi. Alipokatiza uani na kichupa chake cha sampuli, Lozan akamwonyesha fundi kwa kidevu.

"Yule," alisema. "Angalau siku moja atusaidie."

Aliuita mzaha. Kwenye fomu ya makabidhiano, mstari wa "Vifaa vinginevyo", aliandika: uzi, mita moja na sentimita sitini na mbili. Mkaguzi aliyekuja alitia alama ya vema, akauliza tu kama uzi huo una cheti cha ubora.

Ukuta haukupasuka tena. Siku ya arobaini, Ilinka alilala hakuamka.

Kufikia Septemba hapakuwa na cheti cha ghala letu kilichotoka na uongo. Wateja wa Moroko wakaandika barua ya kusifu, mkurugenzi akaisoma kwa sauti, wenzake wakampigia makofi Lozan, na yeye akainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Mchana, wafanyakazi walipokwenda kula supu, kling, kling ilianza kutoka ndani ya Tangi Namba Nne, ndani kabisa, mahali ambapo kiumbe hai asingedumu hata pumzi moja, ikazunguka polepole kama mtu anayekoroga bila haraka kwa kuwa zamu yake haina mwisho, ikapita kwenye mabomba, ikaja chini ya sakafu ya ofisi mpaka ikakoma chini ya kiti cha Lozan, na hapo harufu ya mnanaa ikapanda taratibu, ya baridi, karibu na sikio, kama mtu aliyeinama nyuma yako asome unachoandika.

Akaenda kwa Bibi Kera, mganga anayeyeyusha madini ya risasi na kuyamimina majini juu ya kichwa cha mgonjwa. Bibi huyo alikuwa karani wa forodha miaka thelathini kabla ya kuanza uganga, na bado alidai kitambulisho na nakala yake. Risasi ikachacharika majini, ikaganda nyembamba, ndefu, kama uzi. Bibi akaitazama, kisha akamtazama yeye, na hakuuliza ni nani.

Akamweleza kwamba talasami hafukuzwi na maji wala ubani, kwa sababu hakuja mwenyewe, kuna aliyempeleka. Aende kwa mtu anayemlilia marehemu, amtazame usoni, amwambie alichofanya.

Lozan akauliza kama barua itatosha. Barua ya rejista.

"Kwa mdomo, mwanangu," alisema Bibi Kera.

"Na nikikaa naye nikashindwa kusema?"

"Basi ataondoka tangini hata hivyo. Ila hutapapenda anapohamia."

Kumbukumbu ya miezi sita ilifanyika makaburini, Jumamosi. Mume wa Ilinka, Spas, dereva wa treni mstaafu, aligawa ngano ya kuchemsha yenye sukari kwenye vikombe vya karatasi. Alipomfikia Lozan alisimama. Alikuwa amekonda, kola ya shati ikielea shingoni.

"Bwana Lozan, wewe ulifanya naye kazi, nikwambie wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Usiku ule aliniambia kifua kinambana, kama amefungwa uzi. Nikamwambia anywe chai ya mnanaa alale. Sikutaka kuvaa viatu niende kuita daktari. Nimemuua kwa uvivu wa viatu."

Neno lilikuwepo. Lozan alilihisi mdomoni, pamoja na ngano. Lingemtua mzee huyu mzigo pale pale kaburini, na kumtwika Lozan mwenyewe. Wenzake wa ofisini walikuwa hatua tatu nyuma yake, na mkurugenzi pia.

Akameza.

"Usijilaumu, kaka Spas," alisema. "Ni mapenzi ya Mungu."

Alikuwa ametia mihuri uongo mwingi maishani. Huo ulikuwa wa kwanza aliousikia ukishuka kooni.

Jumatatu ghala lilikuwa kimya. Printa ilitoa tisini na nane nukta tano kama ilivyoamriwa. Hapakuwa na harufu. Lozan alikaribia kupiga mluzi, mpaka msimamizi alipokuja kumwambia kwamba ukuta wa Namba Nne umepasuka sehemu nne na karatasi inataka muhuri wa "Imeonekana". Akaifunga mihuri yake kiunoni, akatoka.

Jua la Novemba lilikuwa limelala chini, na vivuli vya wanaume uani vilikuwa virefu kama milingoti. Walikuwa wakizungumza, alipowafikia waliacha, wakatazama kando, kama mtu anavyotazamwa akiwa amesahau kufunga suruali. Mmoja akajifanyia ishara ya msalaba mfukoni. Lozan, mwenye urefu wa mita moja na themanini na tano, akatazama chini na kuona kwamba kivuli kilichoanzia viatuni mwake kilikuwa kifupi, cha mabega membamba na nywele zilizofungwa kisogoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kichupa. Yeye mikono yake ilikuwa mfukoni. Hakuhitaji uzi kujua urefu wake, alishauandika mwenyewe.

Hapo ndipo geti lilipofunguliwa. Spas alikuwa amekuja na boksi kuchukua vitu vya mkewe: koti jeupe, kopo la peremende. Alikuja moja kwa moja kumsalimia Lozan, mkono ameunyoosha, kisha akasimama. Alikuwa anatazama chini.

Akavua kofia.

"Ilinka," alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. "Mbona uko miguuni mwa huyu?"

Kivuli kikainua kichupa kwenye mwanga, kama anayesoma kipimo, na kungoja. Macho ya Spas yakapanda taratibu, kwenye viatu, kwenye suruali, kwenye mihuri iliyoning'inia kiunoni, mpaka usoni mwa Lozan, yakabaki hapo.