Mchanga Kwenye Faneli

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipima mafuta ya matrekta mawili ya mama yake, aliyelima mashamba ya watu kwa kukodiwa. Jina hilo la utani alipewa kwa haki, maana mdomo wake haukujua likizo. Lakini tangu Jumamosi alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Jumamosi faneli ya kumiminia mafuta ilimponyoka ikaanguka mchangani. Aliipangusa kwa sketi, akamimina mafuta kwenye giaboksi ya trekta jipya. "Mafuta ni mafuta tu," alijiambia. Jumanne trekta lilipiga kelele, likagoma katikati ya shamba.

"La zamani lilipoharibika ulilitengeneza kwa siku mbili," mama alimwambia fundi aliyekuja kulikagua.

"La zamani lina gia za meno, mama. Jino likikatika, unanunua gia moja. Giaboksi ya hili ina pampu inayosukuma mafuta, nayo mafuta ndiyo huzungusha magurudumu. Pampu ikikwaruzika, unanunua pampu nzima, na bei yake ni mara sita."

Mvua zilikuwa zinakaribia. Mama aliuza trekta la zamani apate pesa za pampu. Chiriku alilitazama likitoka getini, akaenda kulia chooni.

Pampu mpya ilipofika, fundi alishika spana. "Ile pengine ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Nafunga hii sasa hivi."

Chiriku alimshika mkono. "Fundi, usifunge! Faneli ilianguka mchangani, nami nikaitumia hivyo hivyo."

Fundi alifungua chujio, akasugua mafuta kwa vidole. Chembe zilikwaruza. "Mchanga umefika mpaka kwenye mabomba. Hii nayo isingefika jioni. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mama hakugomba. Alitazama pale lilipokuwa likiegeshwa trekta la zamani, doa la mafuta likiwa bado chini. Chiriku aliona heri angechapwa.

Siku mbili waliosha mabomba. Trekta lilipowaka, mvua ilikuwa imeanza na wateja watatu walikwishakwenda kwa mwingine.

"Mama, nisamehe."

"Faneli kuanguka ni ajali, mwanangu. Ungeniambia Jumamosi, tungemwaga mafuta yale tukaweka mengine, na lile trekta tungekuwa nalo. Umesema leo, tumebakiwa na hili. Ukweli ukichelewa bado unaokoa, ila unaokoa kidogo."

Akampa kitambaa kisafi. "Haya, kesho pima mafuta kama kawaida."