Jiwe la Ng'ambo ya Kijito

Shangazi yangu Eucabeth anaishi upande wa Kiptere, huko Kericho, kwenye shamba dogo la majani chai alilonunua na mumewe, mzee Ooko, walipostaafu kutoka kiwandani. Si mtu wa kuogopa ovyo. Kanisani kwao yeye ndiye anayeachiwa ufunguo. Ndiyo maana mambo aliyonisimulia, pamoja na yale niliyoyaona mwenyewe baadaye, yamenikaa rohoni mpaka leo.

Yote yalianza na matope. Mzee Ooko alikuwa amepata kiharusi, na mguu wake wa kulia ukabaki mzito. Daktari alimwambia atembee kila siku. Lakini huko mvua hunyesha karibu kila alasiri, na kutoka veranda hadi langoni kulikuwa na nyasi na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Mzee akaanguka. Akaanguka tena, safari hii akapasua paji la uso. Shangazi akaamua kumwekea njia ya mawe ya kukanyagia.

Simiti hakuitaka. Alisema simiti hushika ukoga wa kijani ikateleza kuliko hata matope. Alitaka mawe yenyewe, jinsi Mungu alivyoyaumba: bapa juu lakini yenye kukwaruza kidogo, mapana ya kutosha miguu miwili, mazito yasiyoinuka upande mmoja ukikanyaga ukingo. Aliyachagua pamoja na Johana, jirani yao mfugaji, Mkipsigis aliyezaliwa pale pale. Walikuwa wakishuka kijitoni asubuhi, wanageuza jiwe hili, wanakataa lile, kisha punda wa Johana anapandisha waliyoyakubali.

Halafu shangazi alimtembeza mzee polepole juu ya nyasi. Kila mguu wake ulipotua, anamwaga jivu. Hapo ndipo jiwe lingekaa. Walichimba shimo, wakaweka mchanga, wakalisawazisha, wakalitua jiwe mpaka likawa sawa na nyasi, kisha shangazi akasimama juu yake na kujitikisa. Likicheza, linatolewa na kuwekwa upya.

Likabaki la langoni. Alitaka jiwe kubwa kuliko yote, la kuanzia njia, na kijitoni halikupatikana. Johana alikuwa ameenda Kapsoit wiki hiyo. Shangazi akavuka kijito peke yake, na huko ng'ambo, katikati ya vichaka, akakuta mahali palipokuwa na boma zamani. Nyumba ilikuwa imeoza yote. Kilichobaki ni jiwe moja pana, limelala kama lilivyowekwa, na katikati limelika kwa kukanyagwa.

Alitafuta vijana wawili wakalibeba. Kabla ya chakula cha mchana lilikuwa langoni, limekaa vizuri kana kwamba limechongewa shimo lile.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha. Mzee Ooko alikuwa ameketi dirishani.

"Eucabeth," aliita. "Kuna mama amesimama langoni. Analoa."

Shangazi alichungulia. Hakuona mtu.

"Yule pale. Mwambie aingie, bwana. Mtu haachwi nje hivyo."

Akachukua mwavuli akashuka. Lango lilikuwa limefungwa. Mawe yote yalikuwa yameloa, meusi, yanang'aa. Ila lile pana lilikuwa na alama mbili kavu katikati. Nyayo. Ndogo, za mtu asiye na viatu, vidole vimeelekea nyumbani. Mvua ilikuwa ikilipiga jiwe kotekote, lakini pale penye nyayo haikulowesha.

Aliinama akagusa. Palikuwa na joto.

 Alijiambia ni jiwe tu, labda lina mafuta, labda ni macho yake. Kesho yake mvua iliponyesha alienda mwenyewe kuangalia. Jiwe la langoni lilikuwa limeloa lote. Akashusha pumzi. Alipogeuka kurudi nyumbani, akaziona. Nyayo zile zile kavu zilikuwa kwenye jiwe la mbele yake, hatua moja kuelekea nyumbani.

Tangu hapo, kila mvua, zilisogea.

Mzee Ooko naye alibadilika. Hakuzungumza tena habari za mguu wala za kutembea. Mawingu yakikusanyika tu, anakaza macho dirishani. "Umri wake ni kama wa mama yangu," alimwambia shangazi, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Anatetemeka. Wewe ni mtu wa kanisa, lakini unamwangalia tu."

"Mzee, hakuna mtu."

"Leo amenionyesha mkono. Vidole vimechubuka."

Siku iliyofuata Johana alirudi, akaleta maziwa. Kulikuwa na jua. Alifungua lango akasimama. Aliliangalia lile jiwe, akalizunguka kwa kupitia matopeni, akaja hadi veranda bila kukanyaga jiwe hata moja.

"Mama Eucabeth," alinong'ona. "Hiyo ya langoni ulitoa wapi?"

"Ng'ambo. Kwa lile boma lililoanguka."

Johana aliweka mtungi chini. 

"Hiyo ilikuwa jiwe ya mlango ya kogo yetu," alisema. "Nyanya yetu, Tapsabei. Watoto wa boma walikuwa wanakufa, watu wakasema ni yeye anawaroga. Siku moja alirudi kutoka kuokota kuni, akakuta wamefunga. Mvua ilikuwa kubwa. Akasimama hapo kwa jiwe, akabisha. Akabisha mpaka akachoka. Hakuna mtu alifungua."

"Nani alikuwa ndani?"

Johana alitazama kando. "Baba yangu. Alikuwa ameshika komeo."

Walikubaliana kulirudisha mara moja. Johana akaenda kuchukua mtaimbo na punda. Lakini mawingu hayakungoja. Giza lilishuka mchana ule ule, na mvua ikaja na mawe ya barafu, inavyokuja huko Kericho, kama mtu anamwaga changarawe juu ya mabati.

Shangazi alitoka verandani kutazama. Nyayo zilikuwa kwenye jiwe la mwisho. Hapo chini ya ngazi za veranda. Kavu. Vidole vimeelekea mlangoni.

Akaingia ndani akasukuma komeo.

 Kisha mlango ukabishwa.

Haukugongwa kwa nguvu. Ulibishwa taratibu, kama mtu mwenye adabu. Tena. Tena. Mzee Ooko alisimama bila fimbo. Mguu ule mzito haukuburuta. Alivuka sebule kama kijana.

"Fungua," alisema.

"Mzee, tafadhali."

"Fungua, Eucabeth! Ni mtu!"

Shangazi aliegemea mlango kwa mgongo. Aliusikia ukisukumwa upande wa pili, polepole, chini kidogo ya mabega yake, mahali angeegemea mwanamke mfupi. Akataka kuomba, maneno yakakataa. Mzee alikuwa akimvuta mkono huku analia. Na kupitia ubao, sauti ilitamka neno moja kwa Kikipsigis. Hakulielewa. Lakini anasema lilikuwa na sauti ya mtu anayeomba.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Aliniambia mwenyewe hajui ulifikaje hapo, wala kama ulikuwa unafungua au unashikilia.

Nje langoni, chuma kiligonga jiwe. Johana. Shangazi alimsikia akiguna, akisukuma, kisha jiwe likang'oka udongoni kwa kishindo.

Kubisha kukakoma.

Mzee Ooko alianguka pale pale sakafuni.

Johana alilirudisha jiwe ng'ambo ya kijito kwa punda wake, mvua ikiendelea. Alilikalisha pale pale lilipokuwa, akapiga magoti matopeni, akamwomba kogo msamaha kwa niaba ya baba yake.  Jioni hiyo waling'oa mawe yote ya njia wakayatupa kijitoni, wakafukia mashimo, wakapanda nyasi.

Mzee Ooko alipona, lakini mguu ukarudi kuwa mzito, na hajamsamehe shangazi. Mvua ikianza huuliza jambo moja tu: "Bado yuko nje?" Kisha hugeuza uso ukutani.

Nilienda kuwatembelea mwezi wa Desemba. Asubuhi ya pili, jua likiwa limewaka, nilishuka kijitoni kunyoosha miguu. Kwenye nyasi za mteremko niliona jiwe bapa. Juu yake kidogo, jingine. Yalikuwa yametoka majini, yanapanda kupita pembeni ya majani chai kuelekea kwa shangazi. Kila moja limekaa sawa na nyasi. Umbali kati yao ulikuwa mdogo, wa hatua za mtu mfupi, mzee. Nilisimama juu ya moja nikajitikisa. Halikucheza.

Niliyafuata hadi kwenye ua wa michongoma. La mwisho lilikuwa limegusana na ua, kwa nje.

Nikazunguka kwa lango, nikaingia, nikaja upande wa pili. Ndani ya ua, kwenye nyasi za shangazi, kulikuwa na shimo bichi, limechimbwa vizuri. Mchanga ulikuwa umeshawekwa na kusawazishwa.

Jiwe bado.