Kicheko cha Gerda

"Wameshaachia?"

"Bado, Thad. Kaa chini basi, unanizungusha kichwa."

Thad Brill hakukaa. Aliendelea kuizunguka meza ya jikoni, kahawa imempoa mkononi. Katuni yake ya kwanza, ile ya familia ya fisi wenye midomo michafu, ilikuwa ianze kurushwa Ijumaa, na asubuhi hii ya jikoni, siku chache kabla, ndipo wahakiki waliruhusiwa kuchapisha maoni yao. Mimi ndiye mchoraji wa fisi hao, na nilikuwa kwangu nimeshang'ata kucha zote. Haya ya jikoni wamenisimulia wenyewe, kila mmoja kwa upande wake.

Aliyeshika simu ni Imogen, mchumba wake. Naye ni mhakiki wa televisheni, na kwa kuwa anaishi na mwenye katuni, mhariri alimpiga marufuku kuiandika. Yeye akajiongezea marufuku yake: hataitazama hata kidogo mpaka watu wote waione. Mwanamke ana misimamo huyo.

"Haya, zimetoka. Huyu anasema, 'Matusi ni mengi kuliko vichekesho. Nilitazama sehemu nne nikataka kuoga.'"

"Mungu wangu."

"Tulia. Wa pili: 'Katuni ya ovyo, ila Gerda anaiokoa. Fisi jike anayempa mumewe alama kwa kila kitu, hata kahawa.'" Imogen akasita. "Kahawa?"

Thad akatazama dirishani. Jana yake tu Imogen alikuwa ameipa kahawa ya Thad sita kwa kumi.

"Wa tatu: 'Kicheko cha Gerda, kile kinachoishia na mkoromo, ndicho kitu bora cha msimu mzima. Ajabu, jina la mwigizaji halimo popote.'"

Imogen akasahau marufuku yake, akafungua kionjo cha katuni mtandaoni. Kicheko kikajaa jikoni, na mkoromo wake mwishoni.

"Thad. Huyo ni mimi."

"Ngoja nikueleze."

"Ulinirekodi lini?"

Mjue kazi yetu inavyokwenda. Kabla ya kuchora tunaweka sauti yoyote iliyo karibu ishikilie nafasi, tupate kuufuata mdomo. Baadaye mwigizaji wa kweli anakuja na ile inafutwa. Thad alileta kicheko, nami nikachora mabega, mkia mpaka meno kwa kukifuata. Waigizaji walipokuja walicheka weee, hakuna ambaye kicheko chake kiliingia kwenye michoro ile. Kikabaki.

"Siku ya pete," Thad alisema kwa sauti ndogo.

Siku hiyo, Thad akimchumbia pembeni ya gari la kuuza vyakula huku simu ikirekodi, pete ilimponyoka ikatumbukia kwenye kikopo cha pilipili, na Imogen akacheka mpaka akakaa kwenye lami.

"Uliniambia simu ilizima. Nimeiomba video ile mara ngapi? Mama yangu ameiomba."

"Nilikuwa nimeshaipeleka kazini. Nikaona aibu kukuambia."

"Wenzangu wote leo wanaandika kuhusu kicheko changu, na mimi ndiye fisi. Kile kilikuwa chetu, Thad. Cha sisi wawili."

Akavua pete, akaiweka kando ya kikombe, akaenda kwa dada yake anayeishi mji wa Pasadena.

Mchana Delphine, bosi wa kituo, akampigia Thad simu.

"Nusu wanatuponda, nusu wanatusifu, lakini Gerda wanampenda wote. Nitafutie huyo mwanamke asaini mkataba. Msimu wa pili umesimama kwenye kicheko hicho."

"Nataka kukitoa."

"Unataka nini?"

"Kitoke. Sehemu zote."

"Ukikitoa, mimi siwezi kukutetea huko juu. Na hakuna muda wa kuweka kingine."

"Basi pabaki patupu."

Nilimtukana Thad siku ile, sifichi, maana na mimi nakula humo humo. Kisha nikakaa naye tukakifuta, kimoja kimoja. Tulipomaliza akamwandikia Imogen:

*Nimekitoa. Video nimekutumia wewe na mama yako, kazini haipo tena. Sina ninachokudai.*

Thad alilala na simu kifuani, ikiwaka tu kwa matangazo.

Ijumaa jioni, katuni ikikaribia kuanza, kengele ya mlango ikalia. Imogen aliingia na koti lake, hakulivua.

"Nimekuja kutazama. Sijarudi."

"Sawa."

"Umeweka kicheko cha nani?"

"Cha hakuna mtu. Anafungua mdomo tu."

Walikaa na mto katikati yao. Gerda akaonja kahawa ya mumewe, akampa tatu, halafu likaja lile tukio. Fisi akatupa kichwa nyuma, mabega yakatikisika, mkia ukapiga sakafu, machozi yakamtoka, na kimya. Kimya kabisa. Thad akafumba macho, akijua nchi nzima inauona upuuzi huo.

Upande wa pili wa mto kikasikika kitu. Imogen alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akateleza kwenye kochi, na mwishoni ukaja ule mkoromo.

"Mjinga wewe," alisema akifuta machozi. "Umemfanya fisi bubu."

"Nisamehe, Imogen."

Imogen akajiinua, akarudi kochini.

"Sita kwa kumi," akasema, akavua koti. "Simu yako iko wapi?"

"Jikoni."

"Iache huko huko. Na pete?"

Ilikuwa mfukoni mwa Thad tangu asubuhi ile.

Msimu wa pili mpaka leo hatujajibiwa, na kucha zangu hazijaota. Lakini harusini nilikuwepo. Mlangoni dada yake Imogen alisimama na kapu, kila mgeni akaweka simu yake humo. Thad alihangaika kumvisha pete, bibi harusi akacheka kile kicheko chote, na hakuna aliyekirekodi.