Barnabé Aziba Kijito

Kila jioni, akitoka kazini kwenye kiwanda cha Shituru, Barnabé alipitiliza moja kwa moja hadi kijitoni kuzitazama kabichi zake. Kiangazi kile mashamba ya wenzake yalikuwa yamekauka, lakini kabichi zake zilinenepa tu. Alikuwa ameziba kijito kwa mabati mabovu, mawe na udongo. Maji yote yakabaki kwake.

Chini kidogo aliishi Mama Emérance, mama wa mke wake. Yeye aliloweka mihogo kijitoni, akaianika, akaitwanga ikawa unga. Sasa mashimo yake ya kulowekea yalikuwa makavu, na unga ulikuwa unaisha.

Angemwambia mkwe wake, lakini mila ilimkataza. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Kwa hiyo alifika shambani, akampa Barnabé mgongo, akasema na kabichi.

“Weye kabichi, ambia mwenyeko: mayi ni ya Mungu. Minye nitakula nini?”

Barnabé naye akaligeukia jembe lake. “Weye jembe, ambia Mama: hii mayi, minye niliiona ya kwanza.”

Kabichi na jembe hawakuelewana. Mama akaenda zake amenuna.

Nyumbani, mke wake Georgette alimwekea sahani. Kabichi tupu.

“Bukari iko wapi?” aliuliza, kwani bila ugali wake hashibi.

“Bukari inatoka ku unga. Unga inatoka ku mihogo. Mihogo inataka mayi. Mayi iko kwako. Kula kabichi.”

Alikula kabichi juma zima. Tumbo likanguruma hata kazini, wenzake wakadhani ni mashine.

Jumamosi akaja Dominique, mwalimu wa kilimo wa komine, serikali ya mtaa. Alitazama yale maji yaliyozibwa, akashika pua. Yalikuwa ya kijani, yamejaa mbu.

“Tata Barnabé, mayi ya kijito inapashwa kutembea. Ukiifunga, inaoza, inazala mbu, malaria inaingia nyumbani. Na wenye kuwa chini wanakauka.”

“Na kabichi yangu ife?”

“Apana. Teka na ndoo, asubui na magaribi, wakati jua haiko kali. Funika udongo na majani ya kukauka, isikauke mbio. Lakini usifunge njia ya mayi. Komine inataka kuweka sheria: kila muntu ateke, hakuna wa kufunga kijito. Kesho kisha misa kuko mukutano. Bantu wakikubali, itawekwa.”

“Sheria! Itaniletea polisi. Minye siitaki.”

“Leo uko juu ya mama mukwe. Kesho nani atakuwa juu yako?”

Mara jirani yao Théodore akapita, mabati mawili kichwani.

“Unaenda wapi na mabati?” Barnabé aliuliza.

“Kule juu, ku kijito! Niliona akili yako, ndugu. Aksanti sana!”

Barnabé akageuka kulitazama shamba lake. Moyoni aliziona kabichi zake zote zimekufa.

“Dominique,” alisema, “ule mukutano ni saa ngapi?”

Jumapili ukumbi ulijaa. Barnabé alikaa mbele kabisa. Lakini Mama Emérance aliposimama kusema, ilibidi atoke mbio kupitia dirishani. Masikini! Akibaki, atavunja heshima. Akienda, hatahesabiwa. Akachuchumaa nje, chini ya dirisha.

“Tukubali hii sheria,” Mama alisema. “Kijito isipotembea, shiye wa chini tunakufa njala.”

“Wenye kukubali, munyanyue mikono!” alisema mwenyekiti.

Mikono ikanyanyuka. Mmoja ulitokea dirishani peke yake, una udongo, unatikisika kwa bidii.

“Ule mukono ni wa nani?”

Mama Emérance aligeuza uso haraka asimwone mwenye mkono. “Muuhesabu,” akasema. “Ni mutoto wangu.”

Sheria ikapita. Alasiri ile ile Barnabé aling'oa mabati, na Théodore akarudisha yake nyumbani. Maji yakateremka, mihogo ikalowekwa, mbu wakapungua. Kabichi, zikifunikwa majani na kunyweshwa kwa ndoo, hazikufa.

Unga mpya ulipotwangwa, Mama Emérance alimpelekea binti yake kapu zima. Barnabé alifurahi, akaenda shambani. Alichagua kabichi kubwa kuliko zote, akaiweka mlangoni kwa mama mkwe, akagonga, kisha akakimbia kabla mlango haujafunguliwa.