Nguzo za Altenried

Simu aina ya Nokia ilitetemeka ndani ya mkoba wa Mbula.

Ujumbe ulisomeka: "Sadaka itolewe leo. Mchungaji awe hai."

Kwa mafumbo ya kazi yao, Mchungaji alikuwa Dieter Kranz, Mjerumani aliyejifanya mfadhili wa sanaa, aliyesimama kando yake jukwaani, katika ukumbi uliofurika watu mjini Machakos. Sadaka ilikuwa pembe za ndovu. Zilikuwa humu humu ukumbini, ila hakuna aliyejua zilikofichwa. Hotuba ikiisha tu, lori lililongoja nyuma lingezikimbiza uwanja wa ndege.

Mbula, jasusi wa serikali, alikuwa amejifanya mkalimani. Mumewe Mwanzia, askari wa wanyamapori, alipigwa risasi akafa Tsavo, mikononi mwa genge la Kranz. Mbula alitaka damu, wala hakuona haya kuitaka.

Kranz alisimulia kwa Kijerumani historia ya ukumbi wa maigizo wa mji wake, Altenried. Mbula akatafsiri.

"Anasema wananchi ndio walichanga wakaujenga. Mabomu ya vita yakauteketeza. Wakajenga mwingine wa vioo, bila nguzo hata moja."

Kranz akaonyesha kwa madaha kielelezo kikubwa cha plasta kilichosimama sakafuni hapo jukwaani. Ukumbi mpya, alisema.

Mbula akakitazama.

Mbele ya kielelezo hicho zilisimama nguzo nne, nyeupe, nene.

Tamaa ilikuwa imempofusha huyu bwana.

"Anasema huu ndio ule hauna nguzo." Akaweka kiganja juu ya nguzo moja. "Sasa hizi zimetoka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kranz hakujua Kiswahili, lakini aliona mkono ulipo. Akamnong'oneza huku akitabasamu.

Mbula akavuta maikrofoni.

"Anasema nikigusa hii kitu ataniua, vile aliua askari mmoja huko Tsavo. Kwa mkono wake."

Kicheko kikakatika.

"Aiya!" alimaka mama mmoja kutoka Kathiani.

Mbula akapiga teke. Plasta ikapasuka, pembe ya ndovu ikachomoza.

Kranz akachomoa bastola aina ya Walther.

Beretta ya Mbula ikatangulia.

Paa!

Walther ikaruka. Kranz akapiga magoti, mkono ukivuja damu, mtutu ukiwa kwenye paji la uso wake. Kidole cha Mbula kilimwasha.

"Mbula!" Ilikuwa sauti ya Mutiso, mkubwa wake, kwenye kifaa cha mawasiliano sikioni. "Niko mlangoni. Awe hai!"

"Nimesikia, mkubwa."

"Basi toa kidole hapo."

Akakitoa. Ilimuuma kuliko chochote tangu mazishi.

Polisi wakamtia Kranz pingu. Alikuwa akibwabwaja Kijerumani, macho yamemtoka.

"Madam, huyu anasema nini?" sajini akauliza.

"Anaomba mkalimani."

"Si uko hapa?"

Mbula akarudisha Beretta mkobani, akafunga zipu.

"Kesi mtafutieni mwingine. Siku ya kuhukumiwa kunyongwa, niiteni. Hiyo nitamtafsiria mwenyewe."

Akashuka jukwaani, akaenda zake.