Dagaa wa Endel

Heino alikutwa Jumanne adhuhuri amekufa ndani ya kibanda chake cha kukaushia samaki kwa moshi, mlango umekomewa kwa nje kwa kipande cha kasia. Moshi ulikuwa umemmaliza. Aliyemkuta ni mpwa wake Riho, kijana wa Tallinn, na ndiye aliyetiwa mahabusu. Usiku wa kuamkia siku hiyo majirani walisikia wawili hao wakigombana, na mtoto wa mjini hana wa kumtetea huku kisiwani Saaremaa.

Inspekta Maimu, mzaliwa wa kijiji hichohicho, alihoji nyumba baada ya nyumba. Endel, mwenzake Heino baharini tangu ujana, alisema asubuhi ile alikuwa kwenye mitego yao ya ufukoni akitoa heringi. Majirani waliapa kwamba walimwona mchana akishusha kreti iliyojaa na kuwagawia. Basi ikabaki kumpeleka Riho mahakamani, na Maimu roho ilimuuma bila kujua kwa nini.

Siku ya mazishi watu walikula nyumbani kwa Aino, dada wa marehemu, mama yake Riho. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alipakua viazi na mkate mweusi kama desturi. Endel alileta sinia la samaki wa moshi.

Maimu alichukua mmoja, akapitisha kidole tumboni kuelekea kichwani. Kidole kilikwaruzwa. Heringi na dagaa wa bahari ile ni ukoo mmoja, wamefanana kama shilingi kwa ya pili, ila heringi ana tumbo laini, na dagaa lake ni msumeno. Akapapasa wa pili, na wa tatu.

“Mzee Endel, hawa ni wa kreti ile ya Jumanne?”

“Haohao. Kula, binti, usione haya.”

“Hawa ni dagaa. Wanakaa kilindini, wanavuliwa na meli kubwa. Mitego yenu haijawahi kujaza kreti ya dagaa. Uliwanunua bandarini. Asubuhi ile hukuwa mitegoni.”

Endel alitazama huku na huku. Wavuvi wote waliinamia sahani zao, na hapo Maimu akaelewa. Walijua tangu Jumanne, wakala, wakaapa. Alipowauliza, jirani mmoja alijibu taratibu kwamba Endel ni wao, Riho ni mtu wa kuja.

“Nilimfungia akohoe kidogo, aniombe radhi,” Endel alisema. “Maisha yangu yote nimevuta nyavu naye, halafu mashua anampa mtoto asiyejua hata kupiga fundo? Nikaenda ufukoni kupoza hasira. Niliporudi, kimya. Ndipo nikakimbilia bandarini kutafuta samaki wa kuwaonyesha watu.”

“Riho aliikataa hiyo mashua,” Maimu alisema. “Ndilo lililowagombanisha. Alimwambia mjomba wake kwamba mwenye haki nayo ni wewe. Alinieleza siku ya kwanza, nami nikaona ananipiga fiksi.”

Endel aliuliza kama ni kweli. Akauliza tena, akafunika uso.

Aino aliinuka. Alizunguka meza akiokota sahani moja moja mbele ya majirani zake, wengine wakiwa bado wanatafuna, akazirundika karibu na jiko.

“Mlikuwa mnamla mwanangu,” alisema. “Tokeni.”