Herufi Thelathini na Mbili

Siku ya kwanza kuonana, mwaka 2007, Mwanakombo alimkanyaga Shafii mguu. Duka la intaneti karibu na soko la Mtwara lilifurika watu waliokuja kuangalia matokeo ya mitihani, na yeye, kwa baibui jeusi na kandambili za kijani, alipenya hadi mbele.

"Dada, huo mguu wangu."

"Basi uweke mfukoni, kaka. Niangalizie mdogo wangu kapata divisheni ngapi."

Mdogo mtu alipata divisheni ya tatu. Shafii akapata usingizi wa mang'amung'amu.

Mwanakombo alikuwa fundi cherehani wa Mikindani. Shafii alitengeneza kompyuta katika duka lile la intaneti, na bila malipo alisaidiana na watu wa nchi za mbali kuboresha mfumo huria wa kompyuta, ule ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha. Yeye alishika chombo kimoja tu, kinachonasa kila ombi ambalo programu inalipeleka kwenye kiini cha mfumo: fungua faili, soma, tuma.

"Kumbe wewe mmbea wa mashine," Mwanakombo alimcheka kwenye simu.

"Mmbea anayetaka kuoa, mpenzi."

"Mmbea halali, alete mshenga kwa baba."

Mshenga akaenda. Baba akasema jibu litatoka Ijumaa.

Jumatano Mwanakombo alikuja dukani kuandika barua pepe. Chombo cha Shafii kilikuwa kinafanyiwa majaribio kwenye mashine ile ile. Angeweza kukizima. Hakukizima. Binti alipoondoka tu, akafungua kumbukumbu ya yote kiliyoyanasa. Chombo kilikuwa na kasoro moja: maandishi yoyote kilionyesha herufi thelathini na mbili za mwanzo, basi.

"Athumani, nimekubali kuolewa na ..."

Athumani alikuwa mchumba wake wa zamani, yuko Dar. Neno lililokosekana Shafii alijijazia mwenyewe: wewe.

Hakuuliza. Alhamisi alimtuma mshenga kuiondoa posa mbele ya baba na wajomba. "Kijana wangu ameona binti hamfai." Mwanakombo aliyasikia nyuma ya pazia. Hadi magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Alimpigia Shafii mara kumi na moja. Shafii aliitazama simu ikilia.

Wiki tatu baadaye akamaliza kuirekebisha kasoro ile. Kumbukumbu ilikuwa imehifadhi kila kitu siku zote. Kuonyesha ndiko kulikokatwa. Akaijaribu kazi yake kwa faili la Jumatano ile.

"Athumani, nimekubali kuolewa na fundi kompyuta wa hapa Mtwara. Nampenda. Usiniandikie tena."

Alikimbilia Mikindani. Akamkuta kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Nilikosea, mpenzi. Nilidhani unamtaka Athumani. Sasa najua ulimkataa."

Mwanakombo akatoa pini. Uso ulianza kulainika, kisha ukasimama.

"Nani kakwambia nilimkataa? Hata mama hajui."

Shafii akakosa uongo wa haraka. "Nilisoma barua yako."

"Lini?"

"Siku ile ile. Nusu. Leo ndiyo nimeisoma yote."

"Kusoma nusu, ukanivua nguo mbele ya wajomba zangu. Kusoma yote, unataka nikuvalie shela."

"Nisamehe, mama."

"Wivu ningekusamehe. Mimi mwenyewe nina wivu. Lakini nikiingia nyumbani kwako, Shafii, nitanong'ona wapi?"

Shafii aliziangalia kandambili za kijani chini ya cherehani.

"Sogea mlangoni. Nina mteja wa kupima."

Hapakuwa na mteja, na wote wawili walijua hivyo. Shafii akasogea, akaendelea kusogea, mpaka cherehani ikaacha kusikika.